Vikaragosi vya watoto: kutoka soksi kuukuu hadi onyesho la jioni

Warsha nyingi za vikaragosi huishia mezani. Watoto hukata, hubandika, hupaka rangi, hupigwa picha wakiwa wameinua kazi zao juu, kisha hurudi nyumbani. Kikaragosi kinatundikwa ukutani kabla hakijatamka neno hata moja. Hilo linaniuma, kwa sababu utamu wa mchezo huu haumo kwenye gundi wala vifungo. Umo pale mtoto ambaye darasani hanyooshi mkono anapouingiza mkono huo huo kwenye soksi na kuanza kusema kwa sauti ambayo mwalimu wake hajawahi kuisikia.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: kutengeneza kusichukue zaidi ya nusu ya muda mlio nao. Mkiwa na saa tatu za asubuhi moja, saa moja na robo ni ya mezani, iliyobaki ni ya kuchezesha na kuonyesha. Mkiwa na wiki nzima ya likizo, vikaragosi viwe vimekauka na kuvalishwa ifikapo Jumatano. Muda ukibana, punguza mapambo, usiguse mazoezi.

Hadithi kwanza, soksi baadaye

Ukiwaambia watoto kila mmoja atengeneze kikaragosi akipendacho, utapata malkia watano na wachezaji mpira wanane, na hakuna hata mmoja mwenye la kumwambia mwenzake. Anza na hadithi, kila mtoto ajue anamtengeneza nani na huyo mtu anataka nini.

Ngano za Pwani zinafaa sana, na ninayoipenda kwa kazi hii ni ya Kima na Papa. Kima anaishi kwenye mkuyu ulioinamia bahari, nusu ya matawi juu ya nchi kavu, nusu juu ya maji. Kila siku anakula kuyu na kumtupia Papa aliye chini. Urafiki unakolea. Siku moja Papa anamwalika kwao akamlipe fadhila, anambeba mgongoni. Katikati ya bahari anamfichulia: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anajibu kwamba makima wakitoka kutembea huacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Wanarudi, Kima anaparamia mti, na Papa anabaki chini akiita.

Hadithi hii ina wahusika wakuu wawili, mti mmoja na bahari moja. Sehemu kubwa ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kikaragosi anayoyaweza. Mbio, vita na sherehe za harusi zinachosha mikono na huonekana vurugu tu kwa mtazamaji.

Ikate vipande vinne: mtini, mwaliko, katikati ya bahari, kurudi. Usiwaandikie maneno ya kukariri. Mtoto akikariri, akili yote inakwenda kwenye kukumbuka na mkono unakufa. Kwa kila kipande waambie mambo mawili tu: nani anataka nini, na kipande kinaisha nini kikitokea. Maneno watayapata wenyewe, na mara nyingi yatakuwa matamu kuliko yako.

Una watoto kumi na watano? Kila kipande kiwe na Kima wake na Papa wake. Ili mtazamaji asipotee, Kima wote wafungwe kitambaa chekundu shingoni. Hao ni wanane. Wanaobaki watakuwa sultani, mganga wake, mawimbi ya bahari (wawili), wapiga ngoma na kayamba (wawili), na mtambaji mmoja anayekaa nje ya pazia akiongoza hadithi. Usimpe utambaji yule mwenye sauti kubwa kwa sababu tu ana sauti kubwa. Mpe anayejua kungoja watu watulie.

Vifaa

Wiki moja kabla, waombe wazazi soksi zilizopoteza mwenzake, magazeti, maboksi, vifungo na vizibo vya soda. Pita kwa fundi cherehani umwombe mabaki ya vitenge; wengi hutoa bure, kwa kuwa ni vya kutupwa. Kwa nywele hakuna kinachoshinda nyuzi za mkonge: zinasimama, zinashika rangi, na anayeishi Tanga, Korogwe au Kilifi anazipata bila taabu. Njukuti za ufagio wa makuti, zikifungwa tatu tatu pamoja, zinafaa kuwa vijiti vya kuchezeshea mikono. Vya kununua ni unga wa ngano, uzi, sindano, gundi nyeupe ya maseremala na rangi za maji, nyekundu, bluu, njano, nyeupe na nyeusi. Rangi nyingine watoto wachanganye wenyewe.

Kwa watoto wa miaka minne na mitano, tumia mifuko ya khaki au vikaragosi vya kidoleni vya karatasi, na ukate vipande wewe mwenyewe kabla hawajafika. Miaka sita hadi minane, soksi. Kuanzia tisa wanaweza kichwa cha magazeti. Vikaragosi vya nyuzi viache kabisa kwenye warsha ya siku chache: nyuzi zinajisokota, mtoto anakata tamaa, na wewe unashinda ukifungua mafundo.

Sindano zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi. Vifungo vidogo visifike mikononi mwa wadogo zao wa chini ya miaka mitatu, ambao daima wapo pembeni wakichungulia.

Kikaragosi cha soksi

Huyu ndiye atakayekuwa Papa, na anaweza kukamilika ndani ya nusu saa.

Mtoto avae soksi mkononi, vidole vinne juu na gumba chini. Asukume kitambaa cha mbele kiingie kati ya gumba na vidole, mdomo umepatikana. Ili mdomo uwe na nguvu, kata boksi jembamba umbo la yai, sentimita 10 kwa 6 kwa mkono wa mtoto wa miaka saba, 14 kwa 8 kwa mkono wa mtu mzima. Likunje katikati, lipake gundi nyeupe, liingize kwenye mkunjo wa mdomo, kisha lishikilie mpaka gundi ikamate. Soksi ndefu ya kijivu ya wachezaji mpira inatoa Papa mzuri mno: ongeza pezi la boksi mgongoni na meno ya kitambaa cheupe kilichokatwa pembe pembe.

Macho yasibandikwe kwanza. Mtoto avae soksi, wewe ushikilie vizibo viwili vilivyopakwa rangi nyeupe na kitone cheusi katikati, na mwenzake asimame hatua tano mbele aseme yanapokaa vizuri. Macho yakiwa mbali sana na mdomo, kikaragosi huonekana amezubaa. Yakisogezwa karibu na mdomo na kukaribiana kidogo, anapata akili papo hapo. Weupe kuzunguka kitone cheusi ni lazima, maana bila huo aliyeketi mwishoni haoni anatazama wapi. Hapa usiharakishe. Mdomo uliopinda kidogo hauharibu kitu. Macho yaliyokaa vibaya yanaharibu kila kitu kitakachofuata.

Kichwa cha magazeti na gauni la mkono

Kima anahitaji mikono ya kushika kuyu, hivyo yeye awe kikaragosi cha kuvaa mkononi. Kazi hii inahitaji siku mbili au tatu kwa sababu ya kukauka.

1. Pika gundi. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, acha uive mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Tia kijiko cha chumvi ili usiwahi kuota ukungu. Kwenye joto la Pwani upike wa siku hiyo tu.

2. Tengeneza shingo. Viringisha karatasi ngumu kwenye kidole cha shahada cha mtoto mwenyewe, isibane wala isipwaye, urefu sentimita 6. Ibandike.

3. Finyanga gazeti kavu liwe donge la ukubwa wa chungwa, lizungushie uzi, lichomeke juu ya shingo.

4. Chana magazeti vipande vyembamba vya sentimita 2. Vichanwe kwa mkono. Ukikata kwa mkasi kingo zake zinaonekana hata baada ya rangi. Paka gundi, bandika, pishanisha. Tabaka nne zinatosha. Ili usipoteze hesabu, tabaka moja iwe ya gazeti la picha za rangi, inayofuata ya maandishi matupu.

5. Pua, nyusi na masikio viongezwe kati ya tabaka ya tatu na ya nne. Vizidishe. Kinachoonekana kikubwa mno mezani huonekana cha kawaida kutoka hatua kumi.

6. Chomeka kichwa kwenye kijiti, kijiti kwenye chupa yenye mchanga, weka juani na kwenye upepo. Kwa kawaida siku moja ya jua kali na nyingine ya kumalizia inatosha. Kikigongwa kikatoa mlio mkavu, kiko tayari kwa rangi.

Gauni ni rahisi. Mtoto aweke mkono juu ya karatasi, gumba na kidole cha kati vikinyooka pembeni kuwa mikono ya kikaragosi, kidole cha shahada kikielekea juu. Chora kuufuata, ongeza sentimita 3 kila upande, na urefu ufike karibu na kiwiko. Kata vitambaa viwili, shona pembeni, geuza ndani nje, funga kwa uzi kwenye shingo. Gauni fupi ndilo kasoro ninayoiona mara nyingi: Kima ananyoosha mkono kuchuma kuyu na watazamaji wanaona kiwiko cha mtoto.

Kwenye familia nyingine mzazi hapendi mwanawe atengeneze sanamu yenye uso kamili. Zungumza na wazazi kabla ya siku ya kwanza, usingoje mtoto awekwe njia panda mbele ya wenzake. Kipande cha kanga kilichofungwa fundo moja la kichwa na mafundo mawili ya mikono, bila macho wala mdomo, kinachezeka vizuri kabisa, na nimeona kikaragosi cha namna hiyo kikiliza watu.

Kumpa uhai

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Yafundishe haya kwa mpangilio huu, na usiruhusu maneno mpaka hatua ya kwanza ikae.

Kutazama. Weka kuyu, au chungwa, juu ya meza. Kikaragosi alitazame. Awatazame watu. Alitazame tena. Basi. Wenzake waseme anawaza nini, na utashangaa wanavyokubaliana: ana njaa, anataka kuiba, anaogopa kuonekana. Hapo mtoto anaelewa kwamba mawazo ya kikaragosi yanasomwa kwenye mwelekeo wa kichwa. Kikaragosi cha soksi kina tabia ya kutazama dari; mtoto ainamishe kifundo cha mkono mpaka macho yaangukie kwa mtu aliyeketi sakafuni. Mwaka 2021 kikaragosi cha msichana mkimbizi kutoka Syria, Little Amal, mwenye urefu wa mita 3.5, alitembezwa kutoka Gaziantep nchini Uturuki hadi Manchester nchini Uingereza. Kilitengenezwa na kampuni ya Handspring ya Cape Town. Mchezeshaji mmoja alikuwa ndani akitembea kwa mironjo, wengine wakichezesha mikono yake. Amal hakusema neno. Watoto wa njiani walimsoma kwa namna anavyogeuza kichwa na kunyoosha mkono, na wakamkimbilia.

Kutulia. Anayesema ndiye anayetikisika. Anayesikiliza anatulia na kumkazia macho msemaji. Watoto wote, bila kufundishwa, huwatikisa vikaragosi wao muda wote, na mtazamaji hajui nani anaongea. Fanya zoezi la wawili wawili: wanasalimiana, "Hujambo Papa?" "Sijambo, habari za mtini?" na kila mmoja akinyamaza anaganda. Rudia mpaka liwe mazoea. Onyesho zima linasimama juu ya hili, na nikilazimika kufundisha jambo moja tu kwa asubuhi nzima, nachagua hili.

Mdomo. Mtoto anayeanza hufunga mdomo wa kikaragosi pale neno linapotoka, kwa sababu anauma kila neno. Kiswahili kinamsaidia: karibu kila silabi inaishia kwa irabu, basi kila silabi ni kufungua mara moja. Anze polepole: ka-ri-bu, mara tatu, mti-ni kwe-tu. Akizoea, na maneno yakienda haraka, apunguze: afungue wazi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale sauti yetu inapokaza, na nyingine ziguswe tu. kaRIbu. rafiKIye. Na kinachoshuka ni gumba. Vidole vya juu vikiruka, kichwa chote kinarushwa nyuma na macho yanapotea.

Kupanda na kushuka. Kikaragosi asichomoze kutoka chini ghafla. Apande kwa hatua, kila hatua bega likiyumba kidogo, mpaka kiuno kifike ukingo wa pazia. Kuondoka ni vivyo hivyo kinyumenyume. Kisha kuna tatizo la kuzama: mkono ukichoka unashuka, na dakika ya tatu Papa amebaki pezi tu. Ndiyo maana kila kipande kiwe cha dakika mbili au tatu, na ndiyo maana tulibadilisha wachezeshaji kwenye kila kipande. Mpe mtu mmoja kazi ya kukaa mbele wakati wa mazoezi na kusema "Unazama!" Wadogo hupenda sana kazi hiyo.

Sauti. Usiwaache wakwaruze koo wakitafuta sauti nene ya Papa. Baada ya nusu saa hawana sauti. Tofauti ipatikane kwenye mwendo: Papa anaburuta maneno na kunyamaza katikati, Kima anaongea mbio na kuuliza maswali. Wachezeshaji waelekeze uso juu wanaposema, kuelekea kwa kikaragosi wao, sauti ipite juu ya pazia.

Ndani ya dakika tano za kwanza vikaragosi wataanza kupigana. Kila warsha ni hivyo. Usikemee. Wape dakika mbili za kupigana polepole sana bila mtu kumgusa mwenzake, kila pigo likimrudisha nyuma anayepigwa. Wanamaliza hamu, na bila kujua wamejifunza nidhamu ya mkono ambayo usingeipata kwa mahubiri.

Jukwaa la kamba na kanga

Funga kamba kati ya nguzo mbili, miti miwili au kwenye fremu ya mlango. Mtoto mrefu kuliko wote apige magoti, pima kutoka chini hadi utosini, ongeza sentimita 10: hapo ndipo ukingo wa juu wa pazia. Wafupi wakalishwe juu ya vigoda. Kanga mbili zilizoshonwa pamoja zinatosha watoto wanne kukaa nyuma bila kusukumana. Kanga ni nyepesi na inapitisha sauti, lakini blanketi linaimeza. Jina la kanga likae mbele watu walisome kabla onyesho halijaanza. Wapeni watoto kanga kadhaa wachague lenye kuendana na hadithi. Watabishana juu ya urafiki na hiana kwa muda mrefu, na mabishano hayo yataingia kwenye uchezaji wao.

Mkuyu uchorwe kwenye boksi kubwa na kufungwa upande mmoja, tawi moja likiinamia katikati. Bahari ni kanga ya bluu: watoto wawili wameishika pande mbili mbele ya ukingo na kuitikisa. Hasira ya bahari ikue pale Papa anapofichua siri. Tazama jua lilipo saa kumi na moja jioni, ndiyo saa nzuri, na usiwakalishe watazamaji wakilielekea. Upepo ukivuma, funga mawe kwenye pindo la pazia.

Kama mnaonyesha usiku, au umeme umekatika, geukieni vivuli. Tandaza shuka jeupe, weka tochi ya simu nyuma yake kama mita moja na nusu, watoto wakae chini ya mwanga huo na kunyanyua maumbo ya boksi yaliyofungwa kwenye njukuti. Karibu na shuka kivuli ni kidogo na kikali. Ukikisogeza kuelekea taa kinakua. Tumieni hilo: sultani mgonjwa aliyesimuliwa kwa hofu aanze mdogo na kujaa shuka lote. Macho yatobolewe ili mwanga upite. Kwa vivuli usihangaike na rangi wala sura, umbo la pembeni ndilo linalosema, na hata mtoto wa miaka mitano anaweza kukamilisha lake kwa robo saa.

Siku ya onyesho

Chagua siku yenye sababu. Siku ya Vikaragosi Duniani ni 21 Machi, na Siku ya Mtoto wa Afrika ni 16 Juni. Zote mbili zinakupa hoja ya kumshawishi mwalimu mkuu. Watoto wadogo wakae kwenye mkeka mbele, wakubwa kwenye mabenchi, watu wazima wasimame nyuma. Acha hatua mbili kati ya mkeka na pazia, vinginevyo mikono itaanza kulivuta.

Mtambaji aanze kwa mwito. "Hadithi, hadithi!" na watu waitike, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kwingine ni "Paukwa!" "Pakawa!" Tumia ule wa mahali pako. Mwito huo unanyamazisha uwanja kuliko kipaza sauti, na unawaambia watazamaji tangu mwanzo kwamba wana sehemu yao. Wape nyingine tena: kabla Kima hajapanda mgongoni kwa Papa, awageukie na kuuliza, "Jamani, niende nisiende?" Watapiga kelele asiende. Na Kima aende. Wafanyishe watoto mazoezi ya kungoja kelele hizo ziishe, maana mchezeshaji wa mara ya kwanza huogopa na kuendelea kusema juu yake.

Onyesho zima lisizidi dakika 15. Kikaragosi akianguka, kichwa kikichomoka, mtu akisahau, mtambaji ndiye mwokozi: anauliza watazamaji wanadhani nini kitafuata, nyuma ya pazia watu wanajipanga. Wewe mtu mzima usiingie. Kaa pembeni, mikono yako ikiwa mitupu. Onyesho ni lao na lazima walione kuwa lao, hata likiyumba.

Mtoto anayeogopa, na mtoto anayesema zaidi ya ulivyotarajia

Wapo wanaolia wakiona kikaragosi. Usimsogezee usoni kumzoesha. Vua soksi mbele yake, aone mkono, uvae tena, na kikaragosi amwogope yeye: ajifiche nyuma ya bega lako, achungulie. Wengi hujongea wenyewe.

Jambo zito zaidi ni hili. Kikaragosi humfungua mtoto, na ndiyo maana watu wamekitumia kwa mambo magumu. Nchini Kenya, miaka ya 1990, vikundi vya vikaragosi vilizunguka vikizungumza na umma kuhusu Ukimwi na afya, mambo ambayo watu wazima waliona haya kuyataja. Afrika Kusini, mwaka 2002, watoto waliletewa kwenye televisheni kikaragosi aitwaye Kami, msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi, nao wakampenda. Kwenye warsha yako pia itatokea soksi iseme kwamba nyumbani wanampiga, au kwamba kuna mtu anaogopwa. Usimhoji mtoto mbele ya wenzake, usimwambie asiseme hivyo, usigeuze iwe sehemu ya onyesho. Mjibu kikaragosi kwa upole, "Asante kwa kunieleza," endelea na zoezi, kisha baadaye kaa na mtoto mahali watu wanapowaona bila kuwasikia, umsikilize. Usimwahidi kwamba utaficha siri. Namba ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda ni 116, na kupiga ni bure. Iandike mahali unapoiona kabla warsha haijaanza.

Baada ya makofi

Waite watazamaji wadogo nyuma ya pazia. Waonyeshwe na watoto wenyewe jinsi Papa anavyofungua mdomo, wajaribu. Mara nyingi hapo ndipo warsha inayofuata inapopata washiriki wake.

Vichwa vya magazeti vimejaa unga, na panya na mende wanajua. Vitundikwe kwenye mfuko wa kitambaa, visiwekwe sakafuni wala kwenye nailoni inayohifadhi unyevu. Soksi zifuliwe kwa mkono baada ya kuchomoa boksi la mdomo. Kila mtoto aende na kikaragosi chake nyumbani. Shule inayovikusanya kabatini inaviua. Kinachobaki shuleni ni ruwaza ya gauni iliyochorwa kwenye boksi gumu, kwa mikono ya ukubwa wa aina tatu, pamoja na kipimo cha gundi kilichoandikwa juu yake. Na wawili au watatu kati ya wakubwa walioshiriki waombwe kuongoza meza za soksi likizo ijayo, wewe ukiwa msaidizi wao.